Chombo Kilichoikumbuka Njia Tupu

Mbonea alikuwa mwana wa Kiangi. Kiangi alikuwa mwana wa Sefue, na Sefue mwana wa Mrutu, yule aliyechimba ndiva ya kwanza katika mlima wa Vukanyi: bwawa la udongo lililokinga maji ya kijito usiku kucha ili yagawiwe mashambani kukicha. Wote hao walikuwa wagawa maji, mtu na mwanawe, na katika Upare nzima hapakusikika kwamba mmoja wao aliulaza mgomba wa jirani na kiu ili wake unywe. Mwaka ule wa ukame mkuu, Sefue aliyatazama mahindi yake yakijikunja kama vidole vya mgonjwa, naye akaendelea kuwafungulia wengine kwa zamu zao. Watu wa ukoo huo hawakuitwa barazani kujibu mashtaka. Waliitwa kuamua.

Mbonea hakugawa maji. Alipokua, maji yalikuwa yakipita katika mabomba ya serikali. Alisomeshwa katika shule ambamo watoto walisimama mwalimu alipoingia, na hati mbovu ilirudiwa mpaka inyooke. Akawa mhandisi, na kazi aliyoifanya mpaka kustaafu ilikuwa ya kugawa kitu kingine, ambacho Mrutu asingekitambua hata angeonyeshwa: sura na sauti za watu walio mbali.

Zama zile vijana walikuwa wametawanyika kuliko mbegu za pamba. Wengine walifanya kazi katika miji iliyojengwa chini ya bahari, wengine katika vituo vilivyouzunguka mwezi. Kila nyumba ya Vukanyi ilikuwa na ukuta mmoja laini kama kioo, ukuta wa sura, ambao mtu aliketi mbele yake akamwona mwanawe mubashara, mzima mzima, kama amesimama ng'ambo ya dirisha. Picha zote hizo zilikatwakatwa kuwa pakiti ndogondogo, zikapita njia moja tu: mnara uliokuwa kileleni. Na kwa kuwa njia ilikuwa moja na wapitaji wengi, ndani ya kila ukuta kulifungwa chombo kidogo kilichoitwa mpishaji.

Kazi ya mpishaji ilikuwa ya adabu. Kilipima muda ambao pakiti ilichukua kwenda na kurudi, kikaukumbuka muda mfupi kuliko yote kiliowahi kuuona. Muda huo ndio uliokuwa urefu wa kweli wa njia ikiwa tupu. Siku pakiti zilipochelewa zaidi ya hapo, kilijua kwamba kuna foleni mnarani, nacho kikapunguza matumizi yake ili kuwapisha wengine: picha ikapungua ukali, ikawa ndogo, na hali ikizidi ikabaki sauti peke yake. Foleni ilipokwisha, kiliongeza tena, polepole, kwa tahadhari ya mtu anayeingia nyumba ya ugenini. Mbonea alikuwa miongoni mwa walioiandika kanuni hiyo, na mpishaji wa nyumbani kwake ndiye aliyetangulia kufungwa kijijini.

Jumapili, baada ya ibada, aliketi kwenye kiti chake cha mninga, koti limefungwa vifungo vyote, akimngoja mjukuu wake Nakijwa atokee ukutani. Hakuwa na mwingine. Mkewe alikwisha kuzikwa nyuma ya nyumba, na mwanawe wa pekee kando yake. Kitanda cha wageni kilikuwa kimetandikwa shuka ambalo yeye mwenyewe alilifua na kulipiga pasi, ingawa hapakuwa na mgeni wa kulilalia.

Ukuta ukawaka. Mabega yakaonekana, kisha ukungu, kisha vipande vya rangi vilivyosogea kama samaki ndani ya maji machafu. Halafu weusi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama. Nakusikia."

"Hunioni tena?"

"Nakusikia," akarudia.

Nakijwa akacheka, kicheko kikaja kimekatikakatika. "Babu, Jumatano chombo chetu cha anga kinaondoka kwenda sayari ya Mshtarii. Tukishafika mbali, nikikuamkia, salamu itakufikia umeshakula na kuosha vyombo. Mazungumzo ya namna hii yatakuwa yamekwisha. Ni miaka kumi na mmoja, babu."

Mzee aliijua hesabu ya umri wake, na hakuwa mtu wa kujidanganya.

"Nataka unibariki unaniona," Nakijwa akasema. "Kama ulivyombariki baba."

Desturi ya Vukanyi ilikuwa hivyo. Mzee huchukua funda la dengelua, ile pombe ya miwa, humtazama mtoto machoni, kisha humpulizia manyunyu kifuani huku akimtaja kwa majina ya waliomtangulia. Baraka haitolewi gizani. Hata watoto waliozaliwa usiku walingojewa mpaka kuche.

"Nitakuona," Mzee Mbonea akasema. Akaona uzito wa neno hilo baada ya kuwa limekwisha kumtoka.

*

Jumatatu alimwita Kadeghe, fundi wa kuta, mtu mzima mwenye mke na watoto, aliyepanda mlima na mkoba wake begani. Nyuma yake alikuja Bi Nambike, mdogo wa marehemu mkewe, akipapasa njia kwa fimbo. Hakuwa amealikwa, alikuwa amesikia tu kwamba fundi anakwenda kwa shemeji yake, na hilo kwake lilitosha kuwa mwaliko.

"Shemeji, chombo chako kina kasoro moja tu," akasema kabla hajaketi. "Kimelelewa na wewe. Kila anayepita, kinamwamkia na kumpisha. Kitazeeka kimesimama kando ya njia!"

"Wewe huoni hata kiti, Nambike, umeuonaje ukuta wangu?"

"Nasikia watu wanavyouonea huruma." Akaketi, akacheka mpaka fimbo ikaanguka. "Lakini ngoja. Jumatano asubuhi wananitoa mtoto wa jicho pale zahanati. Jioni nitakuja kukutazama vizuri, nijue dada yangu alivumilia nini."

Kadeghe alikuwa amekwisha kukifungua kifuniko ukutani. Alikitazama chombo kwa heshima, kama mtu anayetazama cherehani ya zamani.

"Mzee, hakijaharibika," akasema. "Kinafanya kazi kuliko vyote kijijini. Ndiyo taabu yenyewe."

"Fafanua."

"Hiki kilifungwa njia ikiwa tupu. Kinaujua urefu wake wa kweli. Vya wenzako vilifungwa baadaye, foleni ikiwa tayari imejaa mnarani. Vilipopima, vikadhani ule msongamano ndio njia yenyewe. Kwa hiyo havioni foleni yoyote, havipunguzi kitu. Chako kinaona foleni mchana kutwa, nacho kinapisha, kinapisha, mpaka hakibakizi hata picha ya ukubwa wa sarafu."

"Na vile vya zamani vingine? Hakikuwa hiki peke yake."

Kadeghe akatazama chini. "Vilioshwa, mzee. Wenyewe waliniita. Ninafuta kumbukumbu wakati njia imejaa, chombo kinaanza upya, kinajifunza kwamba kujaa ndiyo kawaida. Picha inarudi siku hiyo hiyo."

"Na wewe ukakubali."

"Nina watoto, mzee. Na watu wanataka kuwaona wa kwao."

"Hata changu kimeoshwa," Bi Nambike akasema bila haya. "Nilitaka kumwona mwanangu kabla macho hayajazimika. Usinihubirie, shemeji."

Mbonea hakumhubiria. Aliuliza jambo moja tu: katika Vukanyi nzima, ni chombo gani kingine ambacho hakijaoshwa?

"Cha zahanati," akajibu fundi. "Kile sheria inakataza kukigusa."

Kisha Kadeghe akatoa mkobani kijiti cha chuma cha kufutia kumbukumbu, chenye kitufe kimoja, akakiweka juu ya meza. "Nakuachia, mzee. Siku ya Jumatano ukiona inafaa, kipachike hapa na ubonyeze. Hutamwona Nakijwa tu. Utahesabu nyusi zake."

Mzee Mbonea hakusema ndiyo. Lakini hakumwambia achukue kijiti chake.

*

Jumatano kulipambazuka na ukungu wa kawaida, na wenye mashamba ya tangawizi wakateremka kazini kama siku zote. Chombo cha Mshtarii kilitazamiwa kuondoka alasiri. Kwa sababu hiyo daktari wa macho, aliyekuwa katika hospitali ya mji wa mbali kando ya ziwa, alichagua asubuhi, wakati kuta zote zimezimwa na njia ni nyeupe. Angemtibu Bi Nambike kwa mikono ya chuma iliyowekwa zahanati: yeye akisogeza kidole chake huko, na mkono wa chuma unasogea huku. Ilitakiwa tu kwamba mwendo usichelewe. Ukichelewa kuliko kope inavyopepesa, mikono hiyo hujifunga yenyewe pale ilipo, kwa usalama.

Kabla jua halijakauka umande, taarifa ikaenea kwamba safari imesogezwa mbele. Mlango wa anga, ule muda mwafaka wa kurusha chombo, umebadilika. Wanaondoka asubuhi hiyo hiyo. Watu wakatupa majembe. Nakijwa alikuwa binti wa kwanza wa Upare kwenda kule, na hapakuwa na nyumba iliyotaka kusimuliwa. Milango ikafungwa, kuta zikawashwa, moja baada ya nyingine, mlima mzima.

Mzee Mbonea alikwisha kuvaa koti. Kibuyu cha dengelua kilikuwa mezani, kando ya kijiti. Ukuta wake ulionyesha weusi, na ndani ya weusi kulisikika mvumo wa ukumbi wenye watu wengi. Kila msafiri alikuwa amepewa muda wa kuzungumza na mtu mmoja wa kwao, huku waliobaki wakitazama tu. Zamu ya Nakijwa ilikuwa inakaribia.

Kadeghe akaingia bila hodi, anahema.

"Mzee, mikono imejifunga! Imejifunga, imefunguka, imejifunga tena. Bi Nambike yupo kitandani na jicho liko wazi. Daktari anasema ameshaivunja lenzi ya jicho iliyofunga ukungu, vipande vimo ndani, hawezi kurudi nyuma na hawezi kuacha. Akikosa njia iliyotulia, jicho linakwenda, na lile la pili lilikwisha kupofuka."

"Muuguzi je?"

"Anaweza kumshika mkono tu. Hana ujuzi wa humo ndani."

"Waambie watu wazime."

"Nimepita nyumba tatu! Wananiambia, ngoja Nakijwa apite kwanza. Wengine hawafungui hata mlango."

"Na mnara? Hauwezi kuipitisha zahanati mbele?"

"Mnara haujui pakiti ipi ni ya jicho na ipi ni ya shangwe. Zote zimefungwa kwa siri, na sheria haimruhusu yeyote kuzifungua. Unapokea, unapanga foleni, unatoa. Wanaopisha ni wapishaji wenyewe, mzee. Unavijua vyombo hivyo kuliko mimi. Katika mlima huu vinavyopisha ni viwili, chako na cha zahanati. Na chako kimekwisha kupunguza mpaka mwisho."

Akakitazama kijiti. Mzee akayafuata macho yake.

"Ukibonyeza sasa," Kadeghe akasema kwa sauti ya chini, "utamwona. Sitakuhukumu. Kila mtu amebonyeza. Lakini kile cha zahanati kitabaki kikipisha peke yake..."

"Rudi kwa mgonjwa," Mzee Mbonea akamwambia.

Alipobaki peke yake, alikishika kijiti. Kilikuwa chepesi kuliko alivyodhani. Alijua kwamba ukuta mmoja zaidi usingeleta tofauti kubwa, na alijua pia kwamba hivyo ndivyo kila nyumba ilivyokuwa ikisema wakati ule ule. Alifikiri juu ya uso wa Nakijwa, ambao hakuwa ameuona wazi tangu masika yaliyopita, na ambao asingeuona tena ukizungumza naye katika dunia hii. Alifikiri kwamba alikwisha kuahidi. Mkono wake ukaenda mpaka kwenye tundu la chombo, na hapo ukasimama.

"Babu?" Sauti ikatoka gizani. "Babu, ni zamu yangu. Unaniona?"

"Sikuoni."

"Bi Nambike alinitumia salamu, alisema utaosha..."

"Sikiliza, Nakijwa. Usinikatize, maana sauti itapotea. Watu wote wa Vukanyi wanakutazama sasa?"

"Wote. Naona idadi hapa. Kijiji kizima."

"Nambike yu chini ya kisu. Jicho lake liko wazi na njia imejaa. Imejaa kwa ajili yako. Kadeghe wamekataa kumsikia, ila wewe wanakusikia. Waambie wazime kuta zao. Wote, sasa hivi."

"Babu, hizi ndizo dakika zetu."

"Najua ni za nani."

Akasikia pumzi yake, au pengine ilikuwa njia tu inayokwaruza. "Wakizima wao, wewe utabaki? Njia ikiwa nyeupe utaniona, babu. Picha itapanda."

Hilo lilikuwa kweli, naye alilijua kabla ya Nakijwa kulisema. Chombo chake kingeona nafasi, kingeongeza, hatua kwa hatua. Lakini majirani wangesikia kwamba Mzee Mbonea amewatoa njiani akabaki nayo yeye, na wa kwanza kulisikia angewasha tena, na wa pili angemfuata.

"Mimi nazima kabla yao," akasema. "Waambie hivyo. Waambie babu yako amekwisha kuzima."

"Na baraka yangu?"

Desturi haikumpa neno la kusema mahali hapo. Ilimbidi alitafute mwenyewe.

"Ukinitii sasa, umekwisha kuichukua."

Akazima ukuta. Hakungoja kusikia ndiyo.

Aliketi. Nyumba ilikuwa na ukimya ule ambao saa ya ukutani huuongeza badala ya kuupunguza. Alikitazama kibuyu, akakiziba kwa kizibo chake, akakirudisha kabatini kikiwa kimejaa, maana hakuwa mtu wa kunyunyizia ukuta mweusi akauita mjukuu.

Kisha akasikia mlango wa jirani ukifunguka. Halafu wa pili. Akasogea dirishani. Watu walikuwa wakitoka uani mmoja mmoja, mchana kweupe, wakipepesa macho kama waliofukuzwa kanisani, wakitazamana ng'ambo ya uzio na majirani ambao hawakuwa wamekutana nao uani kwa muda mrefu.

"Mbona katufukuza?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Kasema, 'Babu yangu amekwisha kuzima. Sifungui kinywa tena mpaka ninyi nanyi mzime.' Kisha akanyamaza kweli! Kasimama tu, anatutazama, machozi yanamtoka, hasemi."

"Mimi nilikuwa wa mwisho mwisho," akasema mwingine. "Bado alikuwa amesimama."

Hapakuwa na mtu aliyemwona Nakijwa akigeuka kwenda zake. Alisema neno baada ya hapo? Alipunga mkono? Mlima mzima haukujua, na Mzee Mbonea hakuwa na wa kumwuliza.

*

Jumapili iliyofuata walikusanyika uani kwa Bi Nambike, kwa sababu muuguzi alikuwa amekuja kumfungua bandeji. Makande yalikuwa yakichemka jikoni. Vijana walikuwa wameegemea ukuta, wamenuna. Bandeji ilipotoka, mama yule alipepesa, akalitafuta jua, akalikimbia, kisha akamwona shemeji yake mbele yake.

"Maskini dada yangu," akasema.

Watu wakacheka, naye pia akacheka, halafu akaukamata mkono wa Mbonea kwa mikono yake miwili, akauinamia, asiuachie.

Kijana mmoja aitwaye Mruma, ambaye mwezi uliopita alikuwa ameoshewa chombo chake kwa mara ya tatu, hakucheka. "Kwa heshima, mzee," akasema, "tumefurahi kwa bibi. Lakini binti yetu amekwenda, hatukumwona akiondoka. Kijiji kizima, kwa jicho moja. Ningeosha na kuosha tena, kama ni mjukuu wangu."

"Mruma!" Kadeghe akamkaripia.

"Mwache," Mzee Mbonea akasema. Akasimama, akafunga kifungo cha juu cha koti, akakitoa kijiti cha chuma mfukoni na kumkabidhi fundi mbele ya watu wote. Kisha akawageukia vijana, na sauti yake haikuwa kubwa.

"Mnayoiita njia, si njia. Ni foleni, na ninyi mmezaliwa ndani yake mkaidhani ni nyumba. Siwalaumu kwa kuzaliwa. Nawalaumu kwa kufuta kumbukumbu ya kilichokuwa kikijua. Jumatano mlizima wote pamoja, na mnara ukakauka mpaka chini. Daktari alimaliza kazi yake bila mkono kujifunga hata mara moja. Chombo chochote ambacho kingepima saa ile, kingeujua urefu wa kweli.

"Basi sikilizeni. Jumamosi hii, jua likiwa utosini, kila ukuta wa Vukanyi utazimwa. Kadeghe atafuta kumbukumbu zote, si wakati njia imejaa bali ikiwa tupu, na vyombo vyenu vitaanza kwa ukweli. Picha zenu zitapungua. Mtapungukiwa wote, kila mmoja kidogo, na hapatakuwa na wa kupungukiwa peke yake gizani. Mruma, wewe utazima kwanza, nami nitakuwa nimesimama mlangoni kwako nikikutazama.

"Mjukuu wangu ameondoka sikumwona. Sijaja kuwaomba kitu. Ninyi vijana, nyanyukeni hapo ukutani mlipoegemea, simameni wima mnapoambiwa na mtu mzima, na mtii!"